Nilichokichoma Bila Kukisoma

Myamba, 12 Februari 2023

Mpwa wangu Careen,

Amani ya Bwana ikukute mezani pako hapo Same, wewe na vitabu vyako. Sisi huku mlimani tunaamka na kulala, na kwa umri wangu hiyo ni habari njema. Tangawizi zimeoza mashina upande wa bondeni, za juu zinaendelea. Ng'ombe amezaa dume. Wilbard yuko Arusha, hajapiga simu tangu Krismasi, nadhani ni mzima. Mama Wilbard angekusalimu lau angejua kwamba nakuandikia.

Nina neno dogo. Unamkumbuka Mzee Nathanaeli, aliyekuwa mwalimu wa kwaya? Uzeeni ameanza kuulizia mambo ya elimu za siri: ndoto, nyota, watu waliomtafuta Mungu kwa njia zisizo za mimbarini, na hata mambo ya mababu. Hajui aanzie wapi. Kwa kuwa wewe unauza vitabu na kuvisoma, amenisihi nikuulize: mtu asiyejua kitu aanze na kitabu gani? Yeye mwenyewe anaona haya kukuandikia.

Usipige simu. Simu yetu ni moja na Mama Wilbard ndiye anayeipokea. Nami sikio la kushoto limekufa kabisa, kwa hiyo ukinieleza jambo itabidi upaze sauti, na jambo lenyewe si la kupaziwa sauti. Jibu mpe konda wa basi letu. Nitalisubiri dukani mwenyewe.

Ni mimi mjomba wako,
Fanueli


Same, 4 Aprili 2023

Mjomba, shikamoo.

Najua nimechelewa. Ningeweza kusingizia kufunguliwa kwa shule, lakini shule zilifunguliwa Januari na barua yako ilifika Februari. Nilikuwa nayo chini ya boksi la kalamu. Nilikuwa naiona kila siku.

Hapa tunashindana na joto na vumbi la stendi. Mama bado yuko kule tambarare, kwenye kambi ya mkonge, katika nyumba ile ile aliyomwachia marehemu baba. Miguu inamvimba. Nimemwomba ahamie kwangu, hataki. Hukumuulizia, lakini ni dada yako, nimeona nikwambie.

Sasa, rafiki yako. Mwambie asidhani yuko peke yake. Vitabu hivyo ndivyo watu hunong'onezea. Huja mwalimu mkuu akaomba kitabu cha hisabati, akakigeuzageuza, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama nina cha tafsiri ya ndoto. Wadada huulizia cha nyota na ndoa. Vijana wanataka cha pete ya utajiri. Hao huwaambia sina, hata kikiwa chini ya meza.

Kwa kuwauzia watu miaka kumi na moja nimejifunza machache. Kitabu kinachokuahidi kitu kisiwe cha kwanza. Kile cha "fanya hivi, sema hivi mara saba" nacho kisiwe cha kwanza, maana mtu huanza kufanya kabla hajajua anamwita nani. Anza na kitabu kinachoeleza watu: nani walishika njia hiyo, waliishi wapi, iliwagharimu nini. Halafu anza na nyumba unayotoka. Watu wengi hudhani siri iko kwa jirani, wanaruka ya kwao.

Kwa hiyo namtumia kijitabu cha watawa wa kale waliokaa jangwani. Ni Wakristo, hakitamtisha. Kurasa tisini tu. Asome kimoja akimalize kabla hajaomba kingine. Anayeanza na vitano kwa pamoja humaliza akiwa mganga wa stendi.

Mimi mpwa wako,
Careen


Myamba, 9 Mei 2023

Careen mwanangu,

Masika imetujia kwa hasira. Barabara ilikatika penye kona ya chini, basi halikupanda siku tisa, na watu walibeba magunia kichwani. Hatujapata madhara nyumbani ila ukuta wa choo. Mungu amlinde mama yako na miguu yake.

Kitabu kilifika salama. Nimekisoma mara mbili, namaanisha Mzee Nathanaeli amekisoma mara mbili na kunisimulia. Kimemsumbua. Watu wale walikaa kimya miaka mingi. Mimi nimesimama mbele ya waumini miaka ishirini na sita nikiwa mzee wa kanisa, nimeomba, nimeonya, nimetoa matangazo, wala sijawahi kunyamaza hata saa moja. Nilijaribu juzi kwenye shamba la tangawizi. Nilikaa juu ya jiwe nikafumba macho. Hazikupita dakika kumi nikaanza kumsikia mtu ninayemfahamu akipepeta mahindi, chaa, chaa, karibu kabisa, upande wa sikio langu lililokufa. Niliinuka nikaenda zangu.

Naona katika sentensi hizo nimejichanganya mimi na Nathanaeli. Sitafuta, karatasi ni moja.

Anaomba cha pili.

Mjomba wako,
Fanueli


Same, 28 Mei 2023

Mjomba, shikamoo.

Habari za ukuta wa choo nimezipokea kwa huzuni. Mama nimempelekea dawa ya miguu, ameimeza siku mbili akaacha, anasema inamkojoza.

Cha pili hiki hapa. Kimeandikwa na shehe mmoja wa Tanga, mtu mzima, anaeleza watu wa zikri wanavyomtafuta Mungu kwa kumtaja mpaka wajisahau. Mwishoni kuna sura ya nyota na hesabu zake, naye anasema wazi ni ipi anaiamini na ipi anaiogopa. Mwandishi wa mambo haya akiwa haogopi chochote, mimi humtilia shaka. Huyu anaogopa kidogo, kwa hiyo namwamini.

Halafu mjomba, Jumanne alipita hapa Mzee Nathanaeli akielekea hospitali. Miwani yake imevunjika. Nilimuuliza anasoma nini siku hizi, akacheka, akasema hajashika kitabu tangu mwaka juzi. Sikumwambia neno. Lakini ukitafuta mtu wa kumsingizia, tafuta asiyepita Same.

Mimi sikuulizi unasomea nini. Wateja huwa siwaulizi. Ila kitabu cha tatu siwezi kukuchagulia bila kujua unatafuta nini hasa.

Careen


Myamba, 16 Julai 2023

Careen mwanangu,

Salamu zangu leo ni fupi kwa sababu nina haya. Tumevuna maharage. Baridi ni kali. Hayo yatoshe.

Barua yako imenivua nguo na nilistahili. Msomaji ni mimi.

Na siyo wewe peke yako uliyenigundua. Kitabu cha shehe nilikificha kwenye ghala la mahindi. Wiki iliyopita Mama Wilbard alikwenda kuchota ya kusaga akarudi nacho mkononi.

"Baba Wilbard, hiki nini?"

"Kitabu."

"Naona ni kitabu. Mbona kinaishi na mahindi?"

Aliketi kizingitini akakifungua, akasoma kidogo, akanitazama. "Kumbe ni hiki tu," akasema. "Mimi nilidhani una mwanamke Same. Kila basi likipanda unatoka mbio kama kijana." Kisha akauliza, taratibu, "Ni kwa ajili ya marehemu mama yako?" Nikasema ndiyo. Akanirudishia kitabu akaenda kusaga.

Sasa nawe nikuambie. Mwaka jana mvua zilipokataa misimu miwili mfululizo, wazee walikuja kwangu tuombe. Tukaomba. Wakati wa kuagana Mzee Eliamini akasema, wala hakusema kwa ubaya, "Mama yako angekuwepo angetuambia tupande lini." Wote wakatazama chini. Tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Wewe unajua nilichofanya mwaka 1997, ila hujawahi kukisikia kinywani mwangu. Kulikuwa na mkutano wa injili kwenye uwanja wa shule. Mhubiri mgeni alisema nyumba zetu zina vitu, na kwamba viongozi waanze wao. Mimi nilikuwa nimechaguliwa mzee wa kanisa miezi minne tu. Watu walianza kunitazama. Kila mtu alijua bibi yako Nakijwa alikuwa akiangalia nyota za kupandia, akiwaombea wajawazito, akienda mpungi, ule msitu wa ukoo, kusema na waliotangulia. Kila mtu pia alijua kwamba Jumapili alikaa benchi la tatu na kushiriki meza ya Bwana. Kwake hayo hayakugombana. Kwangu yaligombana kwa sababu watu walinitazama.

Nikaenda nyumbani kwake akiwa shambani, nikachukua kikapu chake. Kulikuwa na kibuyu, mawe mawili meupe, mizizi, na daftari kubwa ambalo dada yangu Elinaza, mama yako, alimwandikia kwa miaka, mama akisema na yeye akiandika, maana mama hakujua kusoma. Nikaenda nacho uwanjani nikakitia motoni. Watu walipiga makofi. Mama alikuwa amefika, amesimama na jembe lake begani. Hakulia wala hakunilaani. Aliniuliza neno moja:

"Umelisoma?"

Sikuwa nimelisoma. Hata kulifungua sikulifungua.

Baada ya hapo wanawake waliacha kwenda naye mtoni. Watoto walimwita mchawi, nami niliwasikia nikapita. Akashuka kwa mama yako kambini, akaishi miaka saba kwenye joto asilolizoea, akafia huko na kuzikwa huko. Siku ya mazishi nilikaa na wageni.

Uliuliza natafuta nini. Nataka kitabu kitakachoniambia nilichoma nini.

Fanueli


Same, 11 Septemba 2023

Mjomba, shikamoo.

Wateja wapo, afya ipo. Mama hajambo kwa hali yake. Niliandika barua tatu kabla ya hii nikazichana.

Kitabu unachokitaka kipo, na nilikuwa nacho tangu uliponiandikia mara ya kwanza. Ndiyo sababu ya kukawia kwangu. Mwaka 1991 mwanafunzi wa chuo kikuu, Shamsa, mzaliwa wa Tanga, alikuja Myamba akakaa na Bibi wiki mbili kwa ajili ya utafiti wake. Mama alimkumbuka jina. Nilimtafuta, sasa ni mhadhiri mstaafu, akanitumia nakala ya tasnifu yake. Kuna kurasa arobaini ambamo Bibi anasema mwenyewe, neno kwa neno. Nilikuanzishia na watawa kisha na shehe ili ujifunze kwanza kusoma mambo ya watu bila kutafuta shetani ndani yake. Lakini si hilo tu. Niliogopa ukifika mwisho utafika na kwangu.

Mjomba, mwaka ule nilikuwa na miaka tisa, nikiishi kwa Bibi kwa ajili ya shule. Ulikuja mchana ukiwa umevaa suruali ya kanisani. Ulikuwa na andazi kwenye karatasi. Ukaniuliza, "Careen, bibi yako huweka wapi kikapu chake?" Nami nikanyoosha kidole: darini, juu ya jiko. Nilifurahi kwamba mtu mkubwa amenihitaji. Nikala andazi lote.

Hilo ni la mtoto, na labda Mungu halihesabu. Hili linalofuata ni la mtu mzima. Mama alijiuliza miaka yote nani alikuonyesha. Akamshuku jirani yetu wa Myamba, Mama Ummy, kwa sababu alikuwa akiingia jikoni kwa Bibi. Yeye na Mama walikuwa marafiki tangu usichana. Mama hakumsalimu tena. Mama Ummy alishuka mara mbili mpaka kambini kuuliza amekosa nini, Mama akamfungia mlango. Mara ya pili mimi nilikuwa ndani, nina miaka ishirini na minne, namsikia anabisha hodi. Nikanyamaza. Miaka mitatu baadaye akafa.

Kwa hiyo siwezi kukuhukumu. Nimetaka sana kukuhukumu, ingekuwa rahisi.

Tasnifu nimeifunga pamoja na barua hii; ukurasa wa sabini na moja usome ukiwa umekaa.

Careen


Myamba, 15 Septemba 2023

Careen,

Sisubiri basi la kesho kutwa. Nampa barua hii dereva wa lori la tangawizi.

Nisikilize mwanangu. Mimi nilizaliwa katika nyumba ile. Kikapu kilikaa darini juu ya jiko tangu sijaota meno. Nilikwisha kukishusha mara mia nikiwa mtoto, mama akiniambia "niletee." Nilijua kilipo kama ninavyojua mlango wangu.

Sikukuuliza kwa sababu sikujua. Nilikuuliza kwa sababu sikutaka kuwa peke yangu. Nilitaka mkono mwingine uwe ndani yake, nikachagua mkono wa mtoto kwa sababu hautakataa, na nikaununua kwa andazi. Hilo sijamwambia mtu yeyote, hata katika maombi nimelizunguka. Hukunionyesha kitu. Futa hilo moyoni mwako. Na la Mama Ummy, mzizi wake ni mimi.

Nimesoma tasnifu yote. Nilitegemea kukuta mapepo. Nimekuta nyota za Kilimia zinapochomoza na kunde za kupanda siku hizo. Nimekuta majani ya kumpa mama aliyekauka maziwa. Nimekuta sala anazomwambia Mungu asubuhi ya kupanda, na sala hizo nimeziona fupi na nzuri kuliko zangu.

Ukurasa wa sabini na moja Shamsa anamuuliza atamrithisha nani. Mama anajibu: "Nina mtoto wa kiume anayeona. Akiwa mdogo aliniambia mvua kabla sijamwambia. Lakini amepata kanisa na anapendwa huko. Siwezi kumtoa mtu mahali anapopendwa. Binti yangu ataandika, inatosha."

Alijua, Careen. Miaka sita kabla ya moto alikwisha kuniacha niende.

Na kuna jambo jingine katika ukurasa wa sabini na nne, sijui kama ulilitilia maanani. Anasema nyuma ya daftari kuna orodha ya watoto wa kijiji waliokufa kabla ya kubatizwa. Aliwapa majina yeye, wapate kutajwa. Hakuwaambia wazazi mpaka waje kuuliza wenyewe. Kwa heshima Shamsa hakuyanakili. Mama Wilbard na mimi tulimzaa mtoto wa kike mwaka 1986. Aliishi siku moja na nusu. Hatukuwahi kumwita chochote. Mimi sikwenda kuuliza, kisha nikachoma.

Siwezi kuendelea.

Fanueli


Myamba, 30 Oktoba 2023

Careen mwanangu,

Vuli imeanza mapema na kwa nguvu. Wanasema redioni itakuwa kubwa mwaka huu. Wilbard amepiga simu, ni mzima, amepandishwa cheo.

Nimefanya mambo matatu, nikueleze yalivyokuwa.

Kwanza nilimwambia mke wangu habari za orodha. Alikuwa anachambua mboga. Mikono ilisimama. "Alikuwa na jina?" akauliza. "Miaka yote hii alikuwa na jina?" Sijamwona akilia hivyo tangu mwaka ule wenyewe. Nilitaka anitukane. Aliniomba tu nitoke nje amalizie mboga.

Pili nilikwenda kwenye baraza la wazee wa kanisa. Nilisimama nikasema yote: kikapu, daftari, kwamba mama hakuwa mchawi, kwamba nilijua hakuwa mchawi hata nilipowasha kiberiti. Wakanisikiliza. Mchungaji, kijana mpole, akasema, "Mzee, hayo yalikwisha, wakati ule ndivyo ilivyokuwa, tusifukue." Wakaniombea dakika mbili na kunishika mkono. Careen, walinisamehe upesi kama watu wanaofukuza nzi. Nilipowaambia naacha uzee wa kanisa wakashangaa, wakasema namwachia nani. Hiyo ndiyo iliyowasikitisha. Nilirudi nyumbani nikiwa na haya kuliko nilivyokwenda, maana niliona wengi wa waliokuwa mle walipiga makofi siku ile, na hakuna aliyetaka kulikumbuka.

Tatu, juzi nilishuka kwa dada yangu.

Alikuwa nje anamenya maharage mabichi. Akasema "Karibu" kama anavyomkaribisha mtu wa sensa. Akanipa kiti, yeye akabaki kwenye kigoda. Nikaanza kusema, nikasema mpaka koo likakauka. Nilimwambia daftari lililomchosha mkono nililichoma bila kulifungua. Habari zako sikuzigusa, hizo ni zako za kusema au kutosema. Mwisho nikamwomba: wewe uliyaandika majina yale, kama unalikumbuka la mtoto wetu, niambie.

Hakuinua macho. Akaingia ndani, akatoka na makande, akaniwekea.

"Kula," akasema. "Chakula kinapoa."

Nikala. Hakula pamoja nami. Nilipoaga hakunisindikiza hata hatua moja. Nilipogeuka barabarani alikuwa ameinamia ungo wake vile vile.

Silalamiki. Nakueleza tu ili ukisikia kwake usidhani nilikwenda kujitetea.

Nakusalimu,
Fanueli


Same, 12 Novemba 2023

Mjomba, shikamoo. Na Mama Wilbard shikamoo yake, maana sasa najua barua mnasoma wote wawili.

Mvua imetufikia hata huku, meza naifunika kwa turubai tangu saa nane. Namshukuru Mungu kwa cheo cha Wilbard.

Niliposoma kwamba umekwenda, niliona aibu kubaki nyuma yako. Nikafunga biashara siku tano nikashuka. Nilimwambia Mama mbele ya jiko, kabla sijaketi, ili nisipate nafasi ya kukimbia. Nikamwambia: ni mimi niliyenyoosha kidole. Na Mama Ummy alipobisha hodi mara ya pili nilikuwa nyuma ya mlango, najua yote, nikanyamaza.

Nikamwambia pia ulivyoniandikia, kwamba ulijua kilipo. Hapo tu ndipo aliponitazama. Kisha akanyamaza siku mbili. Alipika, akanipakulia, akanitandikia, ila neno hakuna. Siku ya tatu asubuhi akasema, "Tutapanda Myamba kwa watoto wa Mama Ummy. Wewe ndiye utakayesema. Mimi nitasema la kwangu, kwamba nilimfungia mlango rafiki yangu." Akaanza kulia, nikalia naye. Tutakuja kabla ya Krismasi. Sijui watatupokeaje.

Siku ya mwisho, nikiwa nafunga begi, akaniuliza unaonekanaje ukiwa nyumbani, maana pale kwake alikuona umezeeka. Nikasema umezeeka kweli. Akamenya kitunguu kizima. Halafu akasema haya, nami nayaandika kama alivyoyasema:

"Mwambie Fanueli aje Jumamosi. Aje na panga na reki, kaburi la Mama limeota majani, mimi miguu hainibebi. Atafyeka mwenyewe, asilipe mtu. Na aje na mkewe Honorata. Yale majina nayakumbuka yote arobaini na mbili, huwa nayataja nikikosa usingizi. La binti yao nitampa Honorata sikioni. Fanueli atalisikia kwa mkewe, mkewe akitaka."

Nilimuuliza kama hiyo ni kusema amekusamehe. Akaniambia nimpishe, ana kazi.

Jumamosi ni tarehe kumi na nane. Nitakuwa nawangoja hapo barabarani panapoanzia mkonge. Kwa mvua hizi msitegemee basi la pili, pandeni la alfajiri.

Careen